E ya Kilimo, P8 ya Sanaa: masomo ya hiari yanamfungia mtoto mlango gani?

Maswali ya mwezi huu yanakaribia kufanana: mtoto amefanya vizuri kwenye masomo makubwa, halafu somo moja la hiari limeleta gredi ya aibu, na nyumbani hakuna anayelala. Tumechagua saba.

Kabla ya kujibu, jambo moja linalozaa nusu ya hofu hii. Uganda sasa ina vyeti viwili tofauti vya S4 (S1 hadi S6 ni madarasa ya sekondari, na UCE ni mtihani wa mwisho wa S4). Waliosoma mtaala wa zamani, ambao kundi lao kubwa la mwisho lilifanya UCE mwaka 2023, wana gredi za D1 iliyo bora hadi F9 ya kushindwa, jumla ya masomo manane bora, na madaraja. Waliosoma mtaala mpya, ulioanza na S1 ya mwaka 2020 na kufanyiwa mtihani mara ya kwanza mwaka 2024, wana A hadi E peke yake. Hawana jumla, wala daraja la kwanza au la nne. Kaka mkubwa aliyemaliza 2016 anapomshauri mdogo wake wa leo, mara nyingi anampa ramani ya mji uliokwisha kuvunjwa na kujengwa upya.

Salamu kwenu. Binti yangu alifanya UCE mwaka 2024, masomo tisa. Sayansi alipata B na C, lakini Kilimo akapata E. Yuko kwenye PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anataka uuguzi. Mwalimu mmoja hapa mtaani ananiambia hiyo E imeharibu cheti chote. Ni kweli? – Mama, Busia

Si kweli, mama. Chukua karatasi ya matokeo uisome nasi.

Kwanza tazama matokeo ya jumla. UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, inawagawa watahiniwa wa mtaala mpya katika makundi matatu. Kundi la 1 ni waliostahili cheti: wamefanya kazi za darasani, mradi na mtihani wa mwisho, na wamepata angalau D katika somo moja au zaidi. Kundi la 2 ni waliokosa sharti mojawapo, kwa mfano alama za darasani au za mradi hazipo. Kundi la 3 ni wale ambao masomo yao yote ni E. Binti yako mwenye B na C yumo kundi la 1. Cheti chake ni kizima, na ile E imeandikwa pembeni ya Kilimo tu. Haikushusha Biolojia wala Kemia, kwa kuwa hakuna tena jumla inayobeba masomo yote pamoja.

Pili, tazama kama ni E kweli au ni X. X maana yake hakufanya mtihani. Kama alifanya na bado pameandikwa X, hilo ni kosa la kumbukumbu, na linafuatiliwa kupitia mkuu wa shule, kwa sababu shule ndiyo kituo kilichomsajili.

Tatu, kozi anayoitaka. Vyuo vikuu vinapopanga waombaji wa uuguzi, Biolojia na Kemia za S6 ndizo zinazobeba uzito mkubwa. Kilimo cha S4 hakimo kwenye masharti. Sharti la jumla la UCE kwa chuo kikuu ni kufaulu masomo matano, na yeye ana manane mengine.

Tuseme pia E kama hii hutoka wapi, maana una watoto wengine wanaofuata. Katika mtaala mpya mtihani wa mwisho una alama 80 kati ya 100. 20 zilizobaki ni za kazi za darasani na mradi. Kilimo ni somo la vitendo. Shule isiyo na bustani ya kufanyia kazi, au mwalimu anayekumbuka alama mwisho wa mwaka na kuzigawa kwa kukisia, humpa mtoto 6 au 7 kati ya 20. Mtoto huyo anaingia chumba cha mtihani akiwa ameacha alama 13 au 14 nje ya mlango. Omba kuona alama za darasani kila muhula, si mwisho wa S4.

Nilifanya UCE ya zamani, masomo kumi: D2 tatu, kredi tano, P8 ya Sanaa na F9 ya Kifaransa. S6 nilichukua HEG/ICT, yaani Historia, Uchumi na Jiografia, pamoja na somo dogo la kompyuta. Hizo mbili za mwisho zitanipunguzia pointi za udhamini wa serikali? – Msomaji wa kike, Gulu

Hazipunguzi. Haziongezi inavyopaswa, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Kwa cheti cha zamani, kila somo la UCE huingia kwenye hesabu ya udahili wa vyuo vya serikali hivi: D1 na D2 huleta 0.3 kila moja, C3 hadi C6 huleta 0.2, P7 na P8 huleta 0.1, na F9 huleta sifuri. Wewe basi una 0.9 kwa D2 zako tatu, 1.0 kwa kredi tano, 0.1 kwa Sanaa, na Kifaransa hakuna kitu. Jumla 2.0. Kama masomo hayo mawili yangekuwa kredi, ungekuwa na 2.3. Umepoteza 0.3.

Sasa ilinganishe na S6. Gredi za masomo makuu ni A pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1, F sifuri. Kozi uliyoomba inayaweka masomo katika makundi: ya msingi huzidishwa kwa 3, yanayohusiana kwa 2, na ya kufaa kwa 1. Tuchukue kozi inayohesabu masomo mawili uliyofanya vizuri zaidi kuwa ya msingi na la tatu kuwa linalohusiana. Tuseme una B ya Historia, C ya Uchumi na C ya Jiografia, na umefaulu GP (General Paper, somo dogo la maarifa ya jumla) na ICT:

Historia 5 × 3 = 15
Uchumi 4 × 3 = 12
Jiografia 4 × 2 = 8
GP 1 na ICT 1 = 2
UCE = 2.0

Jumla ni 39.0. Kwa kuwa wewe ni msichana unaongezewa 1.5, unafika 40.5.

Tazama uzito ulivyo. Kama Uchumi ungekuwa B badala ya C, ungepata pointi 3 nzima, sawa na D1 kumi za S4. Anayejilaumu usiku kucha kwa ajili ya Kifaransa anahuzunikia kidirisha huku mlango uko wazi. Ila tusidanganyane: pointi za mwisho za kuingilia hutangazwa na desimali, na nafasi za udhamini wa serikali ni kama 4,000 kwa nchi nzima kila mwaka. Katika kozi zinazogombaniwa, mtu huachwa kwa 0.2. Hiyo 0.3 ni ndogo, lakini haikosi siku yake.

Kwa anayejilipia mwenyewe hesabu haibani namna hiyo. Sharti la chini ni UCE yenye masomo matano uliyofaulu na pasi kuu mbili (somo kuu lenye E kwenda juu) za UACE, mtihani wa S6, zilizopatikana katika kikao kimoja.

Mwanangu alipata 7 ya Sub-Math (Hisabati ya sabsidiari), na O ya Fizikia. Rafiki yake anasema vyote ni sabsidiari, kwa hiyo ni sawa tu. – Baba, Bombo

Si sawa, ndugu yetu. Neno hilo linatumika kwa vitu viwili, na limewaponza wengi.

Sub-Math, ICT ya sabsidiari na GP ni masomo madogo. Hayana A wala B. Yana namba 1 hadi 9. Ukipata 1 hadi 6 unapewa pointi 1 moja tu, na aliyepata 1 hamzidi aliyepata 6. Ukipata 7, 8 au 9 hupati kitu. Kwa hiyo mwanao amekosa pointi 1 katika 20 ambazo mwanafunzi wa S6 anaweza kupata, yaani 18 za masomo makuu matatu na 2 za haya madogo. Katika hesabu ya udahili, Sub-Math kwa kawaida iko kundi linalozidishwa kwa 1, kwa hiyo hasara inabaki ile ile pointi moja.

O ya Fizikia ni jambo jingine. Fizikia alisajiliwa nayo kama somo kuu, akashindwa kufikia E, akapewa pasi ya ngazi ya sabsidiari. Ina pointi 1, lakini si pasi kuu. Kama masomo yake mengine mawili ni E kwenda juu, bado ana pasi kuu mbili na chuo kikuu anaingia. Kama moja kati yake nalo ni O, basi ana pasi kuu moja, na digrii haimpokei moja kwa moja hata kama pointi zake kwa jumla zinampita mwingine aliyeingia.

Hapo pasi ndogo hugeuka kuwa dhahabu. Diploma nyingi huomba pasi kuu moja na sabsidiari mbili za UACE, na O ni mojawapo ya zinazohesabiwa. Kijana aliyeidharau GP kwa sababu “ni pointi moja tu” mara nyingi ndiye anayekuja kuitafuta hapa.

Nyumbani tunasema Kiswahili tangu babu. Watoto wa majirani wasiokijua wamepata B, wangu kapata D ya Kiswahili! Walimu wanamwonea? – Mzazi, Arua

Swali hili hutufikia kila mwaka, kutoka Arua, Bombo, Busia na kila penye kambi ya jeshi. Hawamwonei. Kiswahili cha nyumbani kinamdanganya kwamba hana la kusoma, wakati mwenzake aliyeanza na sifuri amekariri ngeli moja baada ya nyingine.

Mtazame mtoto wenu anapoandika insha:

*Kitabu yangu ilipotea, na ule mutu alichukua hapana rudisha.*

Sokoni sentensi hii haina shida. Muuzaji ataelewa, hata kitabu kitatafutwa. Kwa msahihishaji ina makosa ya kutosha kuijaza kalamu nyekundu. Kitabu ni ngeli ya KI-VI, kwa hiyo ni kitabu *changu*, nacho *kilipotea*. *Mutu* ni mtu, na mtu ni *yule*, si ule. *Alichukua* panahitaji urejeshi (-ye-) na kitendwa (-ki-): *aliyekichukua*. *Hapana rudisha* ni *hajakirudisha*. Iliyo sahihi:

*Kitabu changu kilipotea, na yule mtu aliyekichukua hajakirudisha.*

Makosa manne ya aina hiyo yakirudiwa kila aya, ufasaha wake wa kuzungumza haumwokoi. Kosa jingine la watoto wetu ni “vile nilifika” badala ya *nilipofika*. Mpe dawa ya dakika ishirini kwa siku: achukue aya moja ya gazeti au kitabu, aseme kila nomino iko ngeli gani, kisha aigeuze kutoka umoja kwenda wingi. Aandike kwa mkono. Kusikiliza redio hakumsaidii katika hili. Sikio lake tayari linajua, mkono ndio haujui.

Kuhusu athari: katika mtaala mpya Kiswahili ni cha lazima S1 na S2, halafu kuanzia S3 ni cha hiari. D hiyo haimzuii uhandisi, uhasibu wala sheria. Inamgusa akitaka kukichukua kama somo kuu S5, kwa sababu shule hutazama gredi ya somo lenyewe kabla ya kumpa mchepuo. Na hapo ndipo tungependa asikate tamaa mapema. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022 na kifundishwe cha lazima msingi na sekondari. Shule zinahitaji walimu. Digrii ya ualimu wa sekondari hudai masomo mawili ya kufundishia aliyofaulu S6. Mtoto anayeota kwa Kiswahili kisha akakiacha S4 kwa ajili ya ngeli ameacha shamba la urithi.

Nina pasi kuu moja ya mwaka jana. Nikifanya tena somo moja tu mwaka huu nikapata ya pili, nitakuwa nazo mbili? – Kijana, Jinja

Hapana. Sharti linasema kikao kimoja. Pasi ya mwaka jana na ya mwaka huu haziunganishwi ziwe mbili kwa ajili ya digrii. Ukirudia, rudia kwa nia ya kupata zote mbili mwaka huo huo.

Njia nyingine zipo: diploma, kisha uingie digrii kwa cheti hicho, cheti cha maandalizi ya elimu ya juu cha mwaka mmoja ambacho baadhi ya vyuo hutoa, au mtihani wa watu wazima, ukiwa umefika miaka 25. Ada ya kurudia S6 na ada ya cheti cha maandalizi ziweke karatasi moja uzilinganishe kabla ya kuchagua.

Kijana wangu ana D mbili: moja ya Ufundi na Usanifu, nyingine ya Hisabati. Mengine yote E. Shule inasema hana nafasi. – Mlezi, Kasese

Hana nafasi S5 ya shule hiyo, labda. Cheti anacho, kwa kuwa D moja inatosha, na somo lake la hiari ndilo lililosaidia kukileta. Safari hii mambo yamegeuka. Aende chuo cha ufundi achukue cheti cha taifa, kwa kawaida miaka miwili, halafu diploma ya fani ile ile, na kwa diploma nzuri anaweza kuomba digrii. Ni mzunguko mrefu, lakini atafika na mkono unaojua kazi.

Chuoni uliza mambo matatu kabla ya kulipa: kozi imesajiliwa? Mtihani wake unatolewa na bodi ya taifa au ni cheti cha chuo chenyewe? Karakana ina mashine ngapi zinazofanya kazi leo? Ingia uzione zikiwashwa. Kuna vyuo vyenye mashine za kulehemu zilizofunikwa turubai tangu siku ya ufunguzi.

Niko S2. Nachagua masomo ya hiari ya S3. Nichukue moja au mawili, na yapi? – Mwanafunzi wa kike, Mbale

Mwanetu, swali lako lina faida kuliko yote kwa sababu umeuliza mapema.

Kuanzia S3 masomo ya lazima ni saba: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia na Elimu ya Siasa. Unaongeza moja au mawili, yaani manane au tisa kwa jumla. Shule nyingi husukuma tisa kwa sababu orodha ndefu inapendeza ukutani. Somo la tisa lina mradi wake, kazi zake za darasani na vipindi vyake, na vyote hivyo vinakula saa zile zile za Kemia. Kama Hisabati na sayansi zinakulemea, chukua moja.

Lipi? Anza na S5 unayoitaka urudi nyuma. Unataka Fasihi ya Kiingereza, Sanaa, Elimu ya Dini, Kilimo, Kifaransa au Kiswahili kama somo kuu baadaye? Basi lazima ulisome sasa. Shule haitakuanzisha S5 bila msingi. Unataka PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au PCB? Hakuna somo la hiari linalodaiwa huko, kwa hiyo chagua unalolipenda au litakalokusaidia. Kwa maoni yetu ICT ni chaguo la busara, kwa kuwa utaikuta tena S5 kama somo dogo ukichukua Hisabati kuu au masomo ya sanaa. Lakini nenda kwanza maabara ya kompyuta uhesabu: ngapi zinawaka, na wanafunzi wangapi kwa kila moja? Mkiwa wanane kwenye kompyuta moja, sita wanatazama mabega ya wenzao.

Muulize mwalimu wa somo pia: mwaka jana alikuwepo mwalimu mwaka mzima? Somo la hiari ndilo la kwanza kubaki bila mwalimu akihama.

Usibadilishe somo baada ya S3 kuisha. Alama za darasani na za mradi zinakusanywa tangu S3, na ukihamia somo jipya S4 unaingia ukiwa na pengo ambalo linaweza kukutupa kwenye kundi la 2, hata ukiandika mtihani vizuri kiasi gani. Mwanzoni mwa S4, shule itakapokuonyesha fomu ya usajili ya UNEB, soma kila somo na herufi za jina lako moja moja kabla ya kutia saini, kisha omba nakala uipeleke nyumbani.